Siku Chiriku Asipotangaza

Wanyama wa bondeni walikuwa na chama chao cha kusaidiana, na mtangazaji wake alikuwa Chiriku. Kila kikao aliruka juu ya kichuguu akatangaza nani anaumwa na shimo la nani limebomoka, na wenzake wakatoka hapo hapo kwenda kusaidia.

Siku moja Chiriku akavunjika bawa. Alilala kiotani, kwenye kichaka kilicho jirani na kichuguu cha kikao, sauti haitoki kwa maumivu, akasikia wenzake wakimsubiri mpaka wakachoka.

“Hajaja, basi habari hakuna,” alisema Kanga. “Wote wazima! Tupige ngoma!”

Chiriku akajikunyata. Shida za wote alizitangaza yeye; yake ataitangaza nani?

Mara udongo ukafumuka chini ya kichaka, akachomoza Fuko, asiyeona.

“Dada Chiriku, wenzetu wanashangilia huko. Lakini mimi kikaoni huwa nafuata sauti yako tu. Leo sikuisikia, nikajua una jambo, nikachimba mpaka kwako.”

“Bawa, kaka,” alinong'ona Chiriku.

Fuko, ambaye hakuwahi kusema neno kikaoni, akarudi akipapasa mpaka juu ya kichuguu. “Simamisheni ngoma, jamani. Habari ipo.”

Tangu hapo, kabla ya habari yoyote, chama huuliza kwanza: “Leo nani hatujamsikia?”