Nyumba Asikofika Mkwe

Nyumba ya tatu Ndaki aliikataa kabla hata hajashuka kwenye bodaboda.

“Ina maji, ina umeme, choo kiko ndani,” Mama Funguo alilalamika. “Unataka nini tena, mwanangu, lifti?”

“Yule mama anayeanika michembe ya viazi ni nani?”

“Mjita wa Musoma. Hana habari na wewe.”

“Na njia hii inakwenda wapi?”

“Sokoni.”

“Twende zetu.”

Mama Funguo alikuwa dalali wa nyumba, mama mwenye mwili mkubwa, na funguo zake kiunoni zilisikika kabla yeye hajatokea. Ndaki alielekezwa kwake asubuhi ile na muuza vocha wa stendi. Hakuulizwa jina wala ukoo. Aliulizwa anataka vyumba vingapi, basi, safari ikaanza.

Lakini shida ya Ndaki haikuwa vyumba. Mkewe, Ritha, alikuwa na mimba kubwa, na alikataa katakata kujifungulia kule machimboni Geita. Alitaka Shinyanga mjini, aliko mama yake. Walipoteremka tu kwenye basi alimwambia mumewe:

“Leo jua lisizame huna nyumba. Ukishindwa, mimi huyoo kwa mama, mtaani Kambarage, nawe urudi shimoni ukalale na nyundo yako.”

Kisha akacheka, maana Ritha hasira hazimkai, na kama kawaida yake kicheko kikaishia kwenye chafya. Akaenda kumsubiri kwa rafiki yake Sesilia. Mama hakuwa na habari kwamba wamekuja. Ritha alitaka kumshtukiza.

Kwa mama! Ndaki alilelewa na babu yake, Msukuma wa kale kabisa, aliyemfunza kwamba mama mkwe hatazamwi. Ukisikia anakuja, unampisha njia. Siku ya kwanza Ritha alipomnong’oneza, “Mama huyo anakuja,” Ndaki aliruka kwenye shamba la mtama, akatokea upande wa pili na kiatu kimoja. Siku ya pili alijitosa saluni ya akina mama, akakaa chini ya lile dude la kukaushia nywele mpaka hatari ikapita. Ritha alipotaka kumwonyesha picha ya mama kwenye simu, Ndaki alifumba macho. Sasa akakae naye mtaa mmoja? Si angeishi vichakani kama digidigi!

Basi wakazunguka. Ngokolo ina watu wengi mno. Ibinzamata ina stendi, na nani asiyepita stendi? Kila walikofika Ndaki alitembea nyuma ya Mama Funguo kwa adabu, akichungulia huku na huku kama mwizi wa kuku.

Mchana njaa ikawashika. Wakaingia kwa mama ntilie, wakaagiza ugali mmoja mkubwa na sato mmoja, wakanawa, wakala sahani moja. Shibe ikamlegeza Ndaki ulimi.

“Mama, niseme ukweli. Namkimbia mama mkwe.”

Mama Funguo aliacha tonge hewani. Halafu akacheka! Alicheka akipiga meza, mchuzi ukaruka, akacheka mpaka akapiga chafya na Ndaki akampa leso yake.

“Yaani siku nzima unanizungusha, kumbe ni hilo! Usione haya, mwanangu. Mimi nina wakwe watatu. Sura zao sizijui hata moja, ila migongo yao ningeitambua hata gizani. Nikitokea tu, mtu huyo, mbio!”

“Na wewe hukimbii?”

“Nakimbia, na mwili huu! Majuzi nimekwama kwenye uzio wa watu, nikatolewa na mafundi.”

Sasa ikawa zamu ya Ndaki kucheka mpaka machozi.

“Ungesema tangu asubuhi,” dalali alisema akifunga kitenge vizuri. “Anayekimbia mkwe, dawa yake Kizumbi.”

Bodaboda ilikuwa moja, wakapanda mshikaki: dereva mbele, Mama Funguo katikati, Ndaki nyuma amemshika mabega asianguke. Kila tuta liliwarusha juu, nao wakapiga kelele kama watoto.

Nyumba ya Kizumbi ilikuwa peke yake, na ua wa minyaa pande zote. Mbele kulikuwa na shamba la alizeti, na zahanati haikuwa mbali. Njia yenyewe ilikomea hapo hapo mlangoni.

“Hapa mama mkwe wako hafiki,” alisema Mama Funguo, “labda apotee.”

Ndaki alitamani kumbeba. Alimpigia simu Ritha aje upesi, jua bado liko juu. Wakakaa barazani kumsubiri, wakimenya karanga kutoka karatasi moja, ufunguo wa nyumba umeshahamia mfukoni mwa Ndaki. Moyo wake ulikuwa mweupe kwa furaha.

“Mama,” alisema, “laiti mkwe wangu angekuwa kama wewe.”

“Na wakwe zangu wangekuwa kama wewe, mwanangu, ningekuwa nawatembelea kila Jumapili.”

Bajaji ikasimama langoni. Ritha akashuka taratibu, mkono kiunoni, akaangaza macho. Aliitazama nyumba, akapendezwa. Alimtazama mumewe, akamtazama dalali, akazitazama karanga. Mdomo ukamcheza, kicheko kikamtoka mpaka akapiga chafya.

“Mama!” alisema alipopata pumzi. “Umeanza lini kula karanga na mkweo?”

Mama Funguo akageuka amwone vizuri huyo kijana. Alichelewa. Aliona mgongo tu, ukizama kwenye minyaa, na mgongo ule aliutambua mara moja.