Kazi ya Mashine

"Kazi ya mashine, asilimia tisini na saba." Maandishi mekundu yalikaa katikati ya skrini ya simu, na chini yake alikuwepo mama yake karani, aliyemchora mwenyewe kwa kalamu ya biro kwa miezi minne, unywele kwa unywele.

Karani wa bohari aliisogeza simu mbali na macho, akairudisha. Tisini na saba ileile.

Alikuwa mtu wa kuchora mchana, wenzake wakila, kwenye upande wa nyuma wa fomu kuukuu za kupokelea mizigo. Mwaka jana dada yake alimwingiza kwenye kundi la wachoraji wa kalamu mtandaoni, watu elfu tisa wasiowahi kuonana. Taabu ikaanza hapo. Nenosiri lilimkataa kila wiki. Akitaka kupakia picha, aliambiwa kwanza athibitishe kwamba ni binadamu kwa kugusa vijipicha vyenye taa za barabarani. Alivigusa vyote, akaambiwa ajaribu tena.

Alivumilia, kwa sababu kundi lilikuwa likiandaa kitabu cha michoro arobaini, na mchoro wake ulichaguliwa uwe jalada. Marehemu mama, ambaye hakuwahi kuamini kwamba kuchora ni shughuli ya mtu mzima, angekaa mbele kabisa.

Ndipo mwanachama mmoja aliyejiita Jicho Kali alipoupitisha mchoro kwenye chombo kipya cha kukagua kama picha imechorwa na mtu au na kompyuta, akabandika majibu mbele ya kundi zima. "Huyu bibi hajachorwa na mtu," aliandika.

Karani alijibu kwa adabu. Aliipiga picha karatasi yenyewe ikiwa mezani, kikombe cha chai pembeni. Chombo kikasema tisini na nane. Akapitisha orodha ya mahitaji ya sokoni, mwandiko wa dada yake. Kazi ya mashine, sitini na moja. Kwa hasira akapitisha kikombe peke yake. Kikombe kilipita bila swali.

Msimamizi wa kundi, mwalimu mstaafu, alimwandikia faraghani. "Kaka yangu, mimi nakuamini. Ila watu wamechachamaa. Tuwekee video ukichora, uso na mikono vionekane. Mwisho Ijumaa jioni. La sivyo itanibidi niutoe mchoro."

Dada yake alikuwa sebuleni akipinda suruali ya mteja kwenye cherehani. Karani alimsomea ujumbe, naye akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Video ni kitu gani? Nitakushikia simu."

"Uso sawa," karani alisema.

Cherehani ikanyamaza. "Na mikono?"

"Mikono yangu si ya kuonyesha watu."

"Una miaka hamsini na moja. Waliokucheka darasani leo wana wajukuu."

Alikwenda kusimama dirishani, akikwangua wino kwenye kucha. Wino ulikuwa umemkolea kiasi kwamba bohari nzima walimwita Buluu.

Jumatano aliandika, "Najitoa," akafuta kabla ya kutuma. Alhamisi, chini ya mchoro, mtu aliandika, "Bibi wa kompyuta." Watu mia mbili walicheka. Yeye wangemwita tapeli, angemeza. Lakini mama alibeba maji, alilea watoto wawili peke yake, alizikwa siku ya mvua, na leo wanasema hakuwepo.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akafika nyumbani saa nane mchana. Aliisugua mikono kwa sabuni na brashi mpaka ngozi ikawaka. Alivaa shati lililopigwa pasi, akakunja mikono ya shati, akaketi penye mwanga. Dada yake alipanda juu ya kigoda, simu mkononi.

"Usitetemeke," alisema dada.

"Anayetetemeka ni wewe."

Alianza kuchora jicho la mama upya, kwenye karatasi safi. Mkono wa kushoto ulibana karatasi, wa kulia ukatembea. Dakika kumi za kwanza alikuwa akiisikia simu kama mtu aliyemsimamia kisogoni. Baadaye akaisahau. Alipoinua kichwa, dakika arobaini zilikuwa zimekatika, na jicho lilikuwa likimtazama kutoka kwenye karatasi kwa ule ukali wake wa kawaida.

Dada yake alishuka kigodani akifuta mashavu. "Mkono umeniuma," alisema, basi.

Video ilipanda hadi asilimia themanini, ikakwama, ikaanza upya. Ikamtaka athibitishe kwamba ni binadamu. Akagusa taa za barabarani, moja baada ya nyingine, amekaza meno. Saa kumi na moja ilipopita, video ilipanda yote mbele ya kundi.

Karani alijiegemeza kitini. Alijisikia mwepesi, kama aliyetua gunia alilolibeba tangu utotoni. Watu elfu tisa walikuwa wamemwona, na dari haikumwangukia.

Ujumbe wa msimamizi uliingia kabla jua halijazama.

"Nimeitazama yote, vipande vingine mara tano, na nimewaonyesha wenzangu. Uso, vivuli, hata mkwaruzo wa kalamu, vimetengenezwa vizuri mno. Nusura nidanganyike. Lakini mashine hizi bado hazijajifunza kuhesabu vidole. Akaunti yako nimeifunga. Nimesikitika sana, kaka."

Dada yake aliusoma juu ya bega lake.

Karani aliutandaza mkono wa kushoto juu ya meza, akavihesabu vidole polepole, kuanzia gumba. Vilikuwa sita, kama siku aliyozaliwa.