Usimpime Mtu kwa Mapovu

"Mashine hii ya kupumulia chini ya maji haitoi mapovu," Mwalimu Shebe alimwambia Zuhra ukingoni mwa machimbo ya zamani yaliyojaa maji. "Pumzi yako inasafishwa humu ndani, kisha unaivuta tena. Kwa hiyo huko chini usimpime mtu kwa mapovu, mwanangu. Muulize kwa ishara, naye akujibu."

Chini kulikuwa kimya kama kaburini. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye matope, macho wazi nyuma ya kioo. Zuhra akaunganisha kidole na gumba: u salama? Hakujibiwa. Akauliza tena. Macho yale hayakupepesa. Akajikaza, akamshika mkono. Vidole vya mwalimu vikajikunja polepole juu ya vyake, vikakaza, vikakataa kuachia.