Jiko la Wake wa Mashujaa

Mzee Marselino hakuzitazama wodi hata kidogo. Aliinama juu ya mfano wa hospitali, uliotengenezwa kwa maboksi na gundi, akachungulia jikoni.

"Upepo wa ziwani unaingilia wapi?" aliuliza. "Moshi ukirudi ndani, hata samaki wetu wa migebuka hawatalika."

Ukumbi wa Gungu ukaangua kicheko. Nehemia, msanifu majengo aliyetoka Dodoma amepakata mfano huo njia nzima, alicheka pia. Leo askari wastaafu wa vita vya Kagera waikubali hospitali yao au waikatae. Wakiikataa, kazi anapewa mtu mwingine. Alfajiri alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha gesti akaomba: "Bwana, wafumbue macho waone nilichowachorea."

Na alikuwa amechora kwa moyo wote. Milango mipana, viti vya magurudumu vipite. Kuta nene, ili radi isimkumbushe mtu mizinga. Kila kitanda kimeelekea mlangoni, kwa maana alisikia kwamba askari hapati usingizi akiupa mlango kisogo.

"Shemeji, wewe na jiko tu!" Kapteni mstaafu Bonifasi, mwenyekiti wao, alimtania mzee. "Vitanda huvioni?"

"Vitanda nawaachia wenyewe."

Wakacheka tena. Nehemia akasema moyoni: huu ndio unyenyekevu wa shujaa.

Alikuwa amempenda mzee huyu tangu mlangoni, alipoingia polepole, mkono mmoja umeshika mkongojo, mwingine umeshikana na wa mkewe, Elida. Nehemia aliwakimbilia. "Shikamoo, mzee wangu. Nchi nzima inakushukuru." Mzee aliitika marahaba, akamtazama mkewe, wote wawili wakatabasamu. Nehemia akamketisha mzee mstari wa mbele pamoja na mkongojo wake. Kisha akamwelekeza mama nyuma, alikowapanga akina mama wengine.

Sasa mama huyo alinyoosha mkono.

"Baba mchoraji, naona vyoo vya kusimamia, vya wanaume. Viko wodi zote?"

"Zote, mama."

"Na akina mama je?"

Nehemia alitabasamu. Swali hilo alikuwa akilisubiri tangu asubuhi.

"Akina mama sikuwasahau. Jiko lote lile ni lenu. Na baraza nimewawekea, mpumzike mkishawapikia wazee."

Mtu fulani alikohoa. Kapteni Bonifasi akaanza kutazama dari. Elida alimwangalia kijana kwa muda, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Mungu akubariki, baba," alisema. "Ni jiko zuri."

Nehemia akashukuru kimoyomoyo. Ombi lake lilikuwa linajibiwa.

Kapteni akasimama. "Haya, tupige kura. Wanaopiga ni askari peke yao. Aliyekuja kumsindikiza mtu abaki ameketi, tusichanganyane. Askari, simama!"

Viti vilikwaruza sakafu. Nehemia alifumba macho, akaomba mara ya mwisho. Alipoyafumbua, alitazama kwanza mstari wa mbele. Mzee Marselino alikuwa bado amekaa, mkongojo mapajani.

Huko nyuma, Elida alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu, mguu wake mmoja ukitetemeka. Na akina mama waliomzunguka walikuwa wamesimama vilevile.

Ndipo mzee akainuka kwa wepesi, akampelekea mkewe mkongojo. Aliporudi alipita mezani, akaugusa mfano kwa kidole.

"Jiko nimelipenda, mwanangu," alisema. "Humu nitampikia vizuri. Sasa nionyeshe atakapolala."