Kikaratasi cha Sikudhani

Darsa ya wanawake ilipokwisha, Ustadh Burhani alianza kujibu maswali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi. Alipofikia kile cha Sikudhani, muuza maandazi, alicheka.

"Huyu kaandika 'sara' badala ya 'sala', na Mungu kamwandika kwa herufi ndogo. Mtu wa namna hii ana imani gani? Hata akili yake nina shaka nayo."

Wanawake wakaangua kicheko. Uso wa Sikudhani ukawaka moto. Kikaratasi kile alikuwa amekiandika upya mara nne. Akasimama.

"Ni changu, Ustadh. Makosa umeshayasoma. Sasa soma na swali."

Ustadh akasoma, safari hii polepole. Mama yake Sikudhani alikuwa amepooza hata ulimi, na maneno ya sala yalimtoka yamevunjikavunjika. Je, Mungu anayapokea?

Kicheko kilikatika. Ustadh alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Anayapokea," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Wa nyuma hawakusikia," akasema Sikudhani, bado amesimama.

Kule nyuma mwanamke mmoja alikuwa ameuficha uso kwenye mtandio, mabega yakimtetemeka, na hakuna aliyejua kama alikuwa bado anacheka.