Sahani ya Peke Yake

Pii. Pii. Pii.

Mlio ulipenya ukutani kutoka chumba cha mwanawe na mkewe kabla jua halijachomoza, kama ilivyokuwa kila alfajiri siku hizi. Bibi Mwiko alisonya gizani. Mwanawe alikuwa fundi wa friji na vipimajoto vyake vilitapakaa nyumba nzima. Inaonekana sasa hata kulala alilala navyo.

Akainuka kwenda jikoni kutafuta maziwa yake. Jana alikuwa ameyanunua kwa jirani mwenye ng'ombe, chupa nzima, bado yana joto la kiwele. Chupa aliikuta kwenye rafu, imeoshwa, tupu.

"Maziwa yangu yako wapi?"

"Nimeyamwaga, mama," fundi alijibu kutoka mlangoni. "Si nilikwambia mabichi hayaingii humu?"

"Wewe nilikukuza kwa nini? Kwa soda?"

"Mama, tafadhali. Nawa mikono nikuwekee chai."

"Nimeshanawa."

"Kwa sabuni?"

Bibi Mwiko alimtazama juu mpaka chini. Miaka thelathini alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni. Wakaguzi wa afya waliingia jikoni kwake wamevua kofia. Leo mtoto aliyefutwa makamasi na mikono hii hii anamwuliza habari za sabuni!

Akanawa. Kwa sabuni, na kwa hasira.

Kisha ikaja ile sahani. Nyeupe, ukingo wa bluu, ya kwake peke yake, na kijiko chake, na kikombe chake. Alipofika kwa mwanawe miezi miwili iliyopita walikuwa wakila wote watatu kwenye sinia moja, mikono ikigongana, mkwewe akimsogezea minofu. Siku hizi kila mtu na chake, kama abiria wasiojuana. Juu ya sahani lilikaa yai lililochemshwa mpaka kiini kimekuwa chaki.

"Hili ukimrushia mwizi, umeua," alisema.

Fundi alitoka uani kutengeneza friji ya mteja. Mkwewe, mshonaji wa mapazia, hata mezani hakuja. Cherehani yake ilikuwa kimya wiki ya pili sasa. Wakikutana koridoni alipita upesi, kitambaa kichwani, macho chini, kama mtu anayeogopa kuulizwa jambo.

Bibi Mwiko hakuweza kutulia. Alifuta meza iliyokwisha futwa. Alipanga vijiko, akavipangua. Mwishowe akaamua kujichemshia chai nyingine, akapapasa juu ya friji kutafuta kiberiti. Mkono ukagusa karatasi.

Ilikuwa ya hospitali, imekunjwa mara nne. Akavaa miwani.

*Kula na Kunywa Salama Wakati wa Tibakemikali. Ushauri kwa wagonjwa wa saratani na walio nao nyumbani.*

Chini yake, mistari ya kalamu ya mwanawe. Maji ya kunywa yachemshwe. Maziwa yachemshwe. Yai liive kabisa. Mikono ioshwe kwa sabuni kila mara. Chakula kilichokaa mezani saa nyingi kitupwe. Mgonjwa asichangie sahani na mtu.

Akakalia ndoo.

Alipofika, si walimpeleka hospitali kwa ajili ya mguu uliovimba? Si walimtoa damu chupa mbili? "Majibu safi, mama, presha kidogo tu," mwanawe alisema, huku akitazama ukuta. Wiki moja baadaye sinia likatoweka. Mara mbili wenzi hao wamedamka kwenda huko huko hospitali bila yeye, wakarudi jioni, na mkwewe akajifungia chumbani siku tatu. Na usiku mmoja Bibi Mwiko alimsikia mkwewe akinong'ona, "Usimwambie mama, nakuomba." Fundi akajibu, "Atajua tu. Ana macho."

Sasa macho yameona.

Hakulia. Alikwenda chumbani, akavuta begi chini ya kitanda, akaanza kusukumiza nguo ndani, zilizokunjwa na zisizokunjwa. Kama ni kufa, atafia kwake, akila na watu. Hatasubiri kifo mbele ya yai moja kwenye sahani ya kutengwa.

Fundi alimkuta sebuleni, begi mkononi, viatu miguuni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwangu." Aliitupa karatasi mezani. "Nimesoma. Nimekuzaa, nimekulea, halafu unanificha habari ya mwili wangu mwenyewe? Haya, sema. Nimebakiza muda gani?"

Bisibisi ikamponyoka fundi mkononi.

"Mama, hilo... hilo si langu kusema."

"La nani basi? La jirani mwenye ng'ombe?"

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai! Mtu mzima nafanywa mtoto! Mnanichemshia maji, mnanitengea kijiko, mnanong'ona! Mlidhani nitaanguka nikisikia? Mimi siogopi!"

Mlango wa chumba ukafunguka. Mkwewe alisimama pale, kipimajoto mkononi, ameegemea fremu kama aliyetoka safari ndefu. Alikuwa amesikia yote.

"Mimi ndiye niliyeogopa, mama," alisema.

Akapeleka mikono kisogoni, akafungua fundo. Kitambaa kikateleza mpaka begani. Kichwa kilikuwa kitupu, laini, hakina hata unywele mmoja.

Begi likaanguka sakafuni.

"Mwanangu," Bibi Mwiko alisema, akivua viatu. "Nisikilize, na mumeo awe shahidi. Siondoki nyumba hii mpaka nywele zako ziote, nami nizisuke kwa mkono wangu."