Kikombe cha Mageni

Maganga hakuwa na duara lake, shimo la dhahabu. Hakuwa na leseni, hakuwa na ndugu hata mmoja pale Katoro, na hakuwa na meno mawili ya mbele. Mke alikuwa naye, na mtoto anayenyonya, Goodness. Alichokosa kuliko vyote ni mtu wa kumwamini.

Sasa alikuwa amebana jicho kwenye upenyo wa pazia jeusi, nyuma ya chumba cha Daktari Agnetha, akisubiri kikombe cha mkojo cha Mageni kiwekwe chini ya taa.

Mageni alikuwa mwenzake wa kazi. Walichimba shimo moja, mali ya Mzee Pantaleo wa Ushirombo. Walibeba mawe pamoja hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga, wakaosha unga wake pamoja. Lakini ilipofika hatua ya kuinasa dhahabu kwa zebaki, kisha kuchoma ili zebaki itoke na dhahabu ibaki, Mageni alimfukuza kila mara.

"Nenda kanywe uji, Baba Goodness. Hapa niachie mimi."

"Kwani nikikaa kuna nini?"

"Kwa pengo hilo utapuliza moto wangu uzime."

Mageni hucheka, hujifungia kibandani, na hutoka na punje ya dhahabu. Kila mara Maganga aliiona ndogo. Na mwizi wa machimboni hafichi mfukoni. Humeza.

Kisha akaja Daktari Agnetha na dawa yake ya majaribio. Aliwakusanya wachimbaji akawaeleza taratibu, kama mtu anayefundisha watoto wake.

"Dawa hii ina chembe ndogo kuliko vumbi. Ukiinywa, zinatembea mwilini zikiwinda sumu ya zebaki. Kila chembe tumeibandika rangi. Ikishakamata zebaki, rangi inaamka. Nikimulika mkojo wako kwa taa hii ya zambarau, naona chembe zangu zimebeba nini."

"Zisipokamata kitu?"

"Hapawaki kitu."

Wengine waliuliza kama dawa ni chungu. Maganga hakuuliza. Zebaki na dhahabu ni mume na mke. Hilo mchimbaji hafundishwi na daktari. Ukimwita mmoja, wote wanaitika. Dawa inayowinda zebaki tumboni mwa mtu itashindwaje kuikuta dhahabu aliyoimeza?

Akajiandikisha. Akamsukuma na Mageni ajiandikishe.

"Mimi mzima," Mageni alisema.

"Mzima gani? Mikono inakutetemeka kama mlevi."

"Baridi ya shimoni."

"Shimoni kuna joto, ndugu yangu."

Mageni alitazama pembeni, na Maganga akauweka moyoni mtazamo ule.

Kikombe cha Maganga mwenyewe kilikuwa kimeshapimwa asubuhi. "Chako kimetulia kabisa, baba, hakijawaka," daktari alimwambia. "Sijaona mchimbaji mwenye kikombe kama hiki." Alitoka pale kifua mbele. Alijua mikono yake ni safi.

Nyuma ya pazia, taa ikawashwa. Kikombe cha Mageni kiliwaka kijani kikali, kama macho ya fisi yakimulikwa na pikipiki. Daktari alijishika mdomo.

Maganga hakuhitaji kuona zaidi. Alivuka barabara hadi dukani kwa Zipora, akanunua karatasi na bahasha, akaandika palepale juu ya meza ya duka. Mzee Pantaleo hapokei mashtaka ya mdomo wala ya simu. Neno la simu ni upepo, husema. Anayemshtaki mwenzake aandike na atie sahihi. Barua ikimfikia, haulizi mara mbili. Mshtakiwa hutoka shimoni akakuta walinzi wanamsubiri kwa fimbo, na jina lake huwa limeshafika hadi mgodi wa Bulyanhulu. Hakuna atakayempa sururu tena. Wengine hata kuishika sururu hawawezi tena.

"Umekunja uso, shemeji," Zipora alisema. "Unamwandikia nani?"

"Mwenye duara."

"Mageni anajua?"

"Atajua."

"Msigombane, jamani. Yule mtu ana moyo. Kila akipita hapa anamchukulia Goodness maziwa."

Kalamu ikasimama. "Kwa hela gani?"

Maganga akakandamiza kalamu kwa nguvu zaidi. Aliandika kwamba Mageni anameza dhahabu ya mzee, na kwamba yeye Maganga ameiona kwa macho yake ikiwaka. Akatia sahihi. Akalamba ukingo wa bahasha, akaugandamiza kwa ngumi.

Otmar wa bodaboda alikuwa mbele ya geti la daktari, akimsubiri abiria wake wa Ushirombo afunge mzigo.

"Mkononi mwa Mzee Pantaleo," Maganga alimwambia. "Si kwa mtu mwingine."

"Kwani humo mna dhahabu, mzee?" Otmar alitania. Akaitia bahasha ndani ya koti, akavuta zipu hadi shingoni, akaondoka.

Maganga aliingia getini kumchukua Mageni warudi naye kazini, asije akashtuka akatoroka. Dirisha la daktari lilikuwa wazi.

"Hii ni zebaki ya miaka, Mageni," daktari alikuwa akisema. "Umeivuta kwenye moshi. Kwa nini hamkupokezana kuchoma, hata mara moja moja?"

"Moshi ule unaganda kwenye nguo, daktari," Mageni akajibu. "Mwenzangu akirudi nyumbani anapakata mtoto."

Barabarani, pikipiki ya Otmar ilibadilisha gia na kushika njia ya Ushirombo.